Mfanyabiashara wa Pwani akitaka kugombea: MCA, mbunge, seneta au gavana?

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu kuna wafanyabiashara ambao tayari wameanza kusukumwa na jamaa, wateja na wazee wa mtaa wajitose. Wengi macho yao yako kwenye ugavana, kwa hoja kwamba aliyeweza kuendesha kampuni ataweza kuendesha kaunti. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kila kiti kina kazi yake, gharama yake na namna yake ya kuibana biashara, na tofauti hizo ni kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye mabango ya kampeni.

Vigezo tulivyotumia kwa viti vyote vinne ni hivi: nguvu halisi ya kiti, masharti na gharama za kuingia, biashara itakuwaje, mambo yanayoharibika, na nani kinamfaa. Mwakilishi wa wanawake hatukumpa sehemu yake. Eneo lake ni kaunti nzima kama la seneta, na kazi yake bungeni ni ya mbunge, kwa hiyo asome sehemu hizo mbili pamoja.

Kwanza, yanayowagusa wote

Mgombea lazima awe mpiga kura aliyesajiliwa na awe amekuwa raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi. Katiba, kifungu cha 78, hairuhusu afisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili. Wapwani waliochukua pasipoti ya pili Ulaya au Marekani wasingoje kushinda ndipo waanze kuukana uraia huo, kwa sababu karatasi hizo huchukua muda.

Aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika na bado hajaondolewa hali hiyo hawezi kugombea. Hili ni la kuangaliwa sana na mtu wa biashara aliyeweka dhamana binafsi kwa mikopo ya kampuni. Biashara ikiyumba katikati ya kampeni, mkopeshaji ana fimbo mkononi.

Aliyeondolewa ofisini kwa kukiuka maadili ya uongozi naye amefungiwa mlango. Mike Sonko, aliyeng'olewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, alitaka kugombea ugavana wa Mombasa 2022. Mahakama ya Juu ilimzuia mwezi mmoja kabla ya kura.

Anayetaka kusimama kama mgombea huru awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kuna watu waliosajiliwa katika vyama bila wao kujua, kwa hiyo kagua jina lako kwa Msajili wa Vyama mapema na ujiuzulu kwa maandishi.

MCA

*Nguvu.* MCA ni mjumbe wa bunge la kaunti anayechaguliwa na wadi moja. Bunge hilo ndilo linalopitisha bajeti, kuidhinisha mawaziri wa kaunti na kutunga sheria ya fedha ya kila mwaka. Sheria hiyo ndiyo inayopanga ada ya leseni ya biashara, maegesho, vibanda vya sokoni na mabango. Mombasa ina wadi 30, Kilifi 35, Kwale na Taita Taveta 20 kila moja, Tana River 15, Lamu 10. Katika bunge la wadi 10, watu wachache wakishikamana wanaweza kubadilisha bajeti nzima. Ni nguvu ambayo wafanyabiashara wengi huidharau, ilhali ndiyo inayowagusa kila Januari wanapokwenda kulipia leseni.

*Kuingia.* Ada ya uteuzi ya tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgombea huru anahitaji sahihi za wapiga kura 500 wa wadi. Sharti la shahada liliondolewa na Mahakama Kuu mwaka 2021. Gharama kubwa iko kwenye mchujo wa chama, hasa chama kinachopendwa eneo hilo.

*Biashara.* Inaweza kuendelea karibu kama kawaida, ila isiuze chochote kwa kaunti. Hardware inayopeleka saruji na mabomba kwa mkandarasi wa kaunti ndani ya wadi ya mwenye hardware aliye MCA ni kesi inayosubiri tarehe.

*Panapoharibika.* Wananchi hudhani MCA ana pesa za barabara, taa na mifereji. Hana, miradi ya wadi hutekelezwa na serikali ya gavana. Kwa mwenye duka shida ni mara mbili, kwa sababu duka hugeuka ofisi. Karo, mazishi, nauli ya hospitali, vyote huletwa kaunta, na mtaji huliwa kidogo kidogo bila mtu kuona. Dawa yake ni kufungua ofisi ya wadi mbali na duka, na kumkataza meneja kutoa chochote kwa jina la mheshimiwa.

*Kinamfaa nani.* Mfanyabiashara ambaye wateja wake wako eneo moja na ambaye kero yake ni ya kaunti: muuzaji wa jumla Kongowea, mwenye tuktuk Ukunda, mwenye hoteli ndogo Malindi.

Mbunge

*Nguvu.* Bunge la Kitaifa ndilo linalotoza kodi na kugawa bajeti ya serikali kuu. Hapa Pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mambo mazito ya uchumi wetu yako serikali kuu. Bandari ya Mombasa iko chini ya Mamlaka ya Bandari Kenya, forodha iko Mamlaka ya Mapato (KRA), hatimiliki za ardhi hutolewa na serikali ya kitaifa. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na mizigo ikaelekezwa bara, mawakala wa forodha, wenye malori na wenye maghala wa Mombasa waliumia sana, na hakuna gavana aliyeweza kulizuia. Agizo la kurudisha shughuli hizo Mombasa lilitolewa na Rais William Ruto Septemba 2022. Anayeingia siasa kwa sababu ya bandari na akagombea ugavana amekosea anwani.

Mbunge pia ana mkono katika NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao hupeleka zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila eneo bunge kwa basari, madarasa na vituo vya usalama. Hata hivyo Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka katiba na kwamba mfuko ukome 30 Juni 2026, uamuzi uliokatiwa rufaa. Usijenge kampeni yako yote juu ya basari ambazo mahakama inaweza kuziondoa.

*Kuingia.* Ada ilikuwa 20,000 mwaka 2022, nusu kwa makundi maalumu, na mgombea huru alihitaji sahihi 1,000. Sharti la shahada liliondolewa na mahakama miezi michache kabla ya uchaguzi huo. Kusimama bila chama si ndoto hapa: Mohamed Ali alishinda Nyali 2017 akiwa huru, na Feisal Bader akashinda uchaguzi mdogo wa Msambweni Desemba 2020 vilevile.

*Biashara.* Mbunge yuko Nairobi karibu nusu ya wiki wakati wa vikao. Biashara inayotegemea mwenyewe kuwapo, kama ya kukagua makontena au kununua samaki alfajiri, itapungua nguvu. Upo pia mgongano usioonekana haraka: mwenye kampuni ya uwakala wa forodha akikaa kwenye kamati inayoichunguza bandari, anapaswa kutangaza maslahi yake na kujitoa kwenye mjadala huo.

*Panapoharibika.* Kura yako bungeni inajulikana kwa jina. Wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, Juni 2024, biashara zilizohusishwa na wabunge waliounga mkono zilivunjwa katika miji kadhaa. Mwenye supamaketi au kituo cha mafuta chenye jina lake mlangoni alipime hilo, na asome vizuri bima yake, kwa sababu si kila bima ya mali hulipia uharibifu wa ghasia za kisiasa.

*Kinamfaa nani.* Mwenye jambo la kitaifa la kusukuma, mwenye meneja wa kuaminika, na anayefikiria ugavana baadaye. Neno hilo la mwisho lina ushahidi mwingi. Hassan Joho, aliyetoka kwenye biashara, aliingia bungeni kwa kiti cha Kisauni 2007, akawa gavana wa Mombasa 2013 hadi 2022, kisha waziri tangu 2024. Magavana wengine wa Pwani walipita njia hiyohiyo ya ubunge: Abdulswamad Nassir alitoka Mvita, Amason Kingi Magarini, Fahim Twaha Lamu Magharibi, Dhadho Godhana Galole, Andrew Mwadime Mwatate. Gideon Mung'aro alikuwa meya wa Malindi, akawa mbunge, akashindwa na Kingi ugavana wa Kilifi 2017, akashinda 2022. Eneo bunge humpa mtu ngome: mawakala waliokwisha kuzoea kazi, wazee wanaomjua na miradi ya kuonyesha. Pesa peke yake huchelewa kununua vitu hivyo.

Seneta

*Nguvu.* Seneti hulinda kaunti, hugawa mapato kati yao, hukagua hesabu za magavana na husikiliza kesi za kuwang'oa. Katika miswada inayohusu kaunti, ujumbe wa kila kaunti una kura moja, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa. Mwaka 2020 fomula mpya ya ugavi ilipopendekezwa, Mombasa, Kilifi, Kwale na Tana River zilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingepoteza fedha. Baada ya vikao vingi vilivyokwama, maseneta walikubaliana Septemba 2020 kwa masharti kwamba mgao wote upandishwe hadi shilingi bilioni 370. Seneta mwenye kichwa cha hesabu ana kazi kubwa pale, na hapo ndipo uzoefu wa kusoma mizania ya kampuni hulipa.

*Kuingia.* Ada ilikuwa 20,000, na sahihi za mgombea huru 2,000 kutoka kaunti nzima. Gharama za uwanjani ni za gavana, kwa sababu eneo ni lilelile.

*Biashara.* Kama mbunge. Ila asiwe na zabuni katika kaunti yoyote, maana gavana wa kaunti hiyo anaweza kuletwa mbele yake ahojiwe.

*Panapoharibika.* Hana mfuko wa miradi, na mpiga kura wa kijijini huuliza umejenga nini. Kama daraja la kwenda ugavana, Mombasa haijalipokea hadi sasa: Hassan Omar, seneta 2013 hadi 2017, aligombea ugavana 2017 na 2022, akashindwa mara zote mbili.

*Kinamfaa nani.* Mhasibu, mwanabenki, mshauri wa kodi. Mtu ambaye kampuni yake inajiendesha na ambaye anapenda kazi ya kusoma ripoti za Mkaguzi Mkuu kuliko kuzindua visima.

Gavana

*Nguvu.* Afya, soko, barabara za kaunti, maji, elimu ya chekechea, mipango ya miji, leseni. Mgao kutoka serikali kuu wa mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa takriban bilioni 11.6 kwa Kilifi, 7.6 kwa Mombasa na 3.1 kwa Lamu, na juu yake kuna mapato ya ndani. Ni fedha nyingi kuliko zinazopita kwa kiongozi mwingine yeyote wa kuchaguliwa hapa Pwani.

Lakini mkurugenzi aliyezoea kuamua asubuhi na kulipa jioni atashtuka. Kila fedha inayotolewa benki hupitia idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mgao wa Hazina huchelewa, wakati mwingine kwa miezi. Mishahara, ya wahudumu wa afya hasa, hula sehemu kubwa kabla ya mradi wowote. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kaunti nyingi huhangaika kuifikia. Mamlaka nayo yana ukuta. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna kama miraa, serikali kuu ikapinga, na mahakama ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi ndani ya siku chache.

*Kuingia.* Shahada inahitajika bado. Ada ilikuwa 50,000, nusu kwa makundi maalumu. Mgombea mwenza achaguliwe mapema, na kwa Pwani hilo ni suala la hesabu za jamii na maeneo. Mzigo mkubwa ni siku ya kura. Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 mwaka 2022, na kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ni zaidi ya vituo 900. Kila kituo kinahitaji wakala wako, chakula chake, nauli yake na simu ya kupiga picha fomu ya matokeo. Ukiweka shilingi 1,000 tu kwa kila mmoja, ni 900,000 kabla ya mafunzo na wasimamizi. Wengi humaliza pesa kwenye mikutano na magari, kisha siku yenyewe vituo vyao havina mtu.

*Biashara.* Hapa ndipo panapouma zaidi. Gavana ni afisa wa kutwa na hawezi kufanya kazi nyingine ya kipato inayogongana na wadhifa wake. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025, imekaza ukaguzi wa mali na maslahi. Mfano wa kusomwa na kila mwenye kampuni ni wa Moses Lenolkulal, gavana wa zamani wa Samburu. Mahakama ilimtia hatiani Agosti 2024 kwa sababu kituo chake cha mafuta kiliiuzia kaunti aliyoiongoza.

Kuna jambo linalosahauliwa hata na mawakili: ankara ambazo kaunti haijazilipa. Kama kampuni yako inaidai kaunti unayotaka kuiongoza, ukishinda utakuwa unajilipa mwenyewe. Dai hilo limalizwe au lihamishwe kihalali kabla ya uteuzi, na zabuni zote za kaunti zifungwe. Halafu weka meneja mwenye mamlaka kamili ya kusaini angalau mwaka mmoja kabla, tenganisha akaunti ya kampeni na ya kampuni, na omba mkaguzi wa nje apige hesabu ya mali kama ilivyo siku ya kutangaza nia. Karatasi hiyo itakuokoa utakapoulizwa mali ilitoka wapi.

*Panapoharibika.* Kwanza, MCA. Granton Samboja, mfanyabiashara, aliruka moja kwa moja hadi ugavana wa Taita Taveta 2017. Mwaka 2019 alivutana na bunge lake juu ya bajeti hadi akakusanya sahihi za kutaka kaunti ivunjwe, na MCA nao wakapitisha hoja ya kumwondoa. Alimaliza muhula, lakini 2022 alishindwa na Mwadime, aliyesimama bila chama. Kampuni haina wakurugenzi 20 waliochaguliwa na watu wengine. Kaunti inao, na lazima uongee nao kabla bajeti haijafika ukumbini.

Pili, kushindwa ni kwa bei ghali. Suleiman Shahbal, mwanabenki aliyehusika kuanzisha Gulf African Bank, aligombea ugavana wa Mombasa 2013 na 2017 bila kupata, akampisha Nassir 2022, kisha akachaguliwa na Bunge kwenda Bunge la Afrika Mashariki. Kesi yake ya 2013 dhidi ya Joho iliacha somo linalofaa kukaririwa na kila mgombea. Mahakama ya Juu iliamua Februari 2014 kwamba siku 28 za kufungua kesi zinahesabiwa tangu msimamizi wa uchaguzi atangaze matokeo, wala si tangu yachapishwe katika Gazeti la Serikali. Kesi ilikuwa imechelewa, ikaanguka hapo. Dhamana ya gharama ni shilingi 500,000 kwa kesi ya gavana, seneta au mbunge na 100,000 kwa ya MCA, na iwekwe ndani ya siku kumi tangu kufungua.

Tatu, ukomo ni mihula miwili. Viti vingine vitatu havina.

*Kinamfaa nani.* Mwenye shahada, aliye tayari kuiachia biashara kweli kwa miaka mitano hadi kumi, mwenye ngome katika zaidi ya eneo bunge moja, na mwenye subira ya kukaa na MCA.

Kwa hali yako

Kama kampuni yako hupata zaidi ya nusu ya mapato kutoka zabuni za kaunti, ugavana na MCA vitaiua au vitakupeleka kortini. Ubunge unaweza kufaa, ukibadilisha wateja kwanza.

Kama biashara yako ni ya bandari, malori, forodha au maghala, nguvu unayoitafuta iko Bunge la Kitaifa.

Kama kero yako ni leseni, soko, takataka na maegesho, na huna mtaji wa kampeni ya kaunti nzima, anza na wadi. Miaka mitano kwenye kamati ya bajeti itakufundisha kaunti inavyofanya kazi, na gharama ya kushindwa si kubwa.

Kama umeishi Ghuba au Ulaya kwa miaka mingi na pesa unazo lakini wadi za bara ya kaunti hazikujui, usianzie ugavana 2027. Rudi, jiandikishe, kaa, malizia suala la uraia, na ufikirie ubunge wa eneo la nyumbani.

Kama una miaka zaidi ya 55, kampuni imeshika na watoto au mameneja wanaiendesha, useneta na ugavana vyote viko wazi kwako; la kuamua ni kama unapenda kukagua au kutekeleza.

Na kama unachotaka ni sheria nafuu kwa sekta yako tu, pima pia kubaki nje: kupitia chama cha wenye biashara, unaweza kuwasilisha maoni yako kwa maandishi wakati wa ushirikishwaji wa umma wa mswada wa fedha wa kaunti kila mwaka, bila kugusa mtaji wa duka.